Moto wa Kahawa Msituni: Maswali Yenu na Majibu

Barua za safari hii karibu zote ni za kahawa ya msituni, yani mtu anatoka asubuhi, anatembea, anawasha kamoto kadogo njiani, anakunywa, jioni yuko kwake. Nimezisoma zote. Zingine nimezipunguza kidogo maana zilikuwa ndefu, ila hoja ya mtu sijaigusa.

Saa nzima na nusu ya moshi, kahawa hakuna

*Shikamoo kaka. Sisi tuko wanne, kila Jumamosi tunatembea, juzi tukasema safari hii tubebe sufuria na kahawa maana tulishaona picha za watu wamekaa na vikombe vyao raha mustarehe na sisi tukatamani. Tumefika penye uwazi saa nane, usiku wake mvua ilinyesha, tukakusanya kuni nyingi tu, kubwa kubwa, tukapanga, tukawasha karatasi chini. Karatasi ikaungua ikaisha. Tukaweka nyingine ikaisha. Kibiriti nusu kimeenda, macho mekundu, moshi mtupu, saa tisa na nusu tukakata tamaa tukanywa maji ya chupa, af kurudi giza likatukuta njiani na tochi ilikuwa moja. Sa shida ilikuwa kuni au sisi wenyewe? – Wanne wa Jumamosi*

Marahaba vijana, na poleni, hasa kwa hilo giza, nitalirudia.

Jibu mmeliandika wenyewe: kuni nyingi, kubwa kubwa. Vikombe vinne ni lita moja ya maji tu jamani! Lita moja haitaki gogo, inataka vijiti. Moto wa kahawa haufai kuzidi upana wa sahani, na kuni zake zote kuanzia mwanzo mpaka mwisho mtu mmoja anazibeba kwa kukumbatia mara moja. Watu wengi wanawasha moto wa kuota usiku kucha wakati wanachotaka ni kikombe, na hapo ndo matatizo yote yanapoanzia, ya kuwasha na ya kuzima.

Kwa nini gogo halikushika? Ukuni ukipata joto unatoa gesi, na ile miali unayoiona ni hiyo gesi inaungua. Gesi inaanza kutoka kwa wingi kwenye nyuzi joto kama 250 hadi 300. Sasa ukuni wenye maji haufiki huko kabla maji hayajatoka, kwa hiyo karatasi yenu ilimaliza joto lake lote kukausha ngozi ya gogo, basi, ikafa. Na ule moshi uliowatoa machozi ni gesi hiyo hiyo pamoja na mvuke wa maji, vinaondoka bila kuungua.

Mara nyingine fanyeni hivi. Kabla hata ya kutoa kibiriti mfukoni tafuteni vijiti vya saizi tatu, unene wa njiti ya kibiriti, unene wa penseli, na unene wa kidole gumba, na hapo kwenye kidole gumba mnaishia. Vile vidogo kabisa mviokote vingi kuliko mnavyodhani vinatosha, halafu mwongeze mara mbili yake. Kila kijiti kikunje: kikilia "ka!" kikakatika hapo hapo, ni kikavu. Kikipinda au kikabaki kinaning'inia kwa nyuzi, kiache. Siku ambayo mvua imenyesha usiku usiokote kilicholala ardhini, tazama matawi yaliyoanguka yakanasa juu ya vichaka, upepo unayapitia chini na juu, au pembeni mwa gogo lililolala ambako mvua haikufika. Ila usivunje matawi ya mti uliosimama, hata kama umekufa, ule ni nyumba ya ndege na wadudu. Kama vyote vimelowa nje, chukua kijiti cha unene wa kidole, kipasue kwa kisu, moyo wake mara nyingi ni mkavu kabisa. Huo moyo uchonge vinyuzi vyembamba vinavyojikunja lakini usivikate, viache vimeshikamana na kijiti mpaka kifanane na manyoya, kinashika moto haraka sana.

Cha kuwashia bebeni kutoka nyumbani. Pamba iliyopakwa mafuta ya mgando, ndani ya kimfuko cha plastiki, inawaka dakika kadhaa wakati karatasi inawaka sekunde. Chini tandika vijiti vya unene wa kidole vimebanana kama mkeka ili moto usikae moja kwa moja kwenye udongo wenye maji, weka pamba juu, vijiti vyembamba viegemezane juu yake vikiacha nafasi ya hewa, washa, na sasa msishike kitu! Hapa ndo watu wanaharibu, moto umeanza tu mtu anautupia mzigo mzima unakosa hewa. Subiri mpaka miali ipite juu ya vijiti vyembamba, ndo unaongeza vya penseli, viwili vitatu. Ukipuliza, puliza chini usawa wa makaa, pumzi ndefu ya taratibu.

Haya, la giza. Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, aliweka kanuni ambayo mpaka leo watu wanaitumia: saa moja kwa kila kilomita 5, na ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Hiyo ni mwendo wa mtu mwenye nguvu bila kupumzika. Kahawa ihesabuni peke yake, kwa uzoefu wangu ni saa nzima, kuokota, kuwasha, kuchemsha, kukaa, na dakika ishirini za kuzima ambazo hazipunguzwi. Kwa hiyo kabla hamjatoka nyumbani pangeni saa ya kugeuza, mkiifikia bila kahawa mnageuza bila kahawa. Na tochi kila mtu yake, sio moja kwa wanne.

Kahawa chungu kama dawa

*Mambo kaka. Moto mi naweza, shida yangu kahawa yenyewe. Naweka unga kwenye maji ya baridi, nachemsha dakika kumi hivi, harufu inatoka nzuri mpaka raha lakini ukinywa ni chungu na machicha yamejaa mdomoni. Siku nyingine tulikuwa juu sana mlimani mwenzangu akaniambia huku maji hayapati moto wa kutosha ndo maana. Kweli? – Mpenda Kikombe*

Poa. Mwenzio kasema nusu ya ukweli. Usawa wa bahari maji yanachemka nyuzi 100, na kila ukipanda mita 300 hivi inashuka karibu nyuzi moja, kwa hiyo kwenye mita 3,000 yanachemkia nyuzi 90. Lakini kahawa nzuri inatoka kwenye maji ya nyuzi 90 hadi 96, kwa hiyo mlima haujakuonea, zile dakika kumi za kuchemsha ndo zinakamua uchungu wote uliomo ndani ya unga.

Chemsha maji peke yake. Yakishatokota toa sufuria kwenye moto, hesabu polepole mpaka thelathini, ndo unatia kahawa, kama gramu 60 kwa lita, yani vijiko viwili vya chakula kwa kikombe. Iwe imesagwa chenga chenga, ile laini kama poda haitulii. Koroga mara moja, funika, acha dakika nne. Ukifunua utaona utando mzito wa povu la kahawia umeelea juu, na vipovu vinapasuka kimoja kimoja kando kando. Hapo nyunyiza maji ya baridi kidogo tu, kijiko kimoja viwili, kuzunguka ukingo. Utando unakatika, machicha yanaanza kuzama, unayaona kabisa yanashuka. Ngoja dakika moja nyingine, mimina taratibu bila kutikisa, na kile cha mwisho kabisa chini ya sufuria usikimimine, kiache.

Kama maji umeteka kijitoni, yaache yatokote kwa nguvu dakika moja nzima, na ukiwa juu ya mita 2,000 dakika tatu, hiyo inaua vijidudu vya tumbo. Sumu za viwandani au dawa za mashambani kuchemsha hakuziondoi, kwa hiyo kijito kinachopita huko usikiguse.

Machicha yanarudi nyumbani kwenye mfuko. Najua mtu atasema si mmea tu yataoza, ndio yataoza, ila hayakuota hapo, na sehemu wanayopita watu wengi kila mmoja akimwaga yake utakuta rundo.

Mawe ya mtoni

*Nimeona watu wanapanga mawe ya mtoni kama mafiga wanaweka sufuria juu, yanapendeza yale laini ya mviringo. Kuna mtu kaniambia ni hatari sikuelewa hatari ya nini. – Msomaji wa Siku Nyingi*

Hatari ya kupasuka, na hili nimeliona kwa macho yangu. Tulipanga mafiga matatu ya mawe tuliyoyatoa ukingoni mwa mto, mazuri, bado yana giza giza la unyevu chini. Moto umekolea kama robo saa hivi, mwenzangu ameinama anachungulia kama maji yameanza kutoa vipovu, ikasikika "pa!" kama kofi, sufuria ikainama upande, maji yakamwagika kwenye makaa, mvuke ukapanda. Tulipotulia tukakuta figa moja limemeguka, kipande cha ukubwa wa kucha kiko hatua tatu nyuma yetu, kina ncha kali kama kioo. Kilipita karibu na shavu lake. Tulikaa kimya muda mrefu.

Jiwe lililokaa majini linanyonya maji kwenye nyufa zake ndogo ndogo. Maji yakigeuka mvuke yanataka nafasi kama mara 1,700 ya ile ya mwanzo, na ndani ya jiwe nafasi hiyo haipo. Chukua mawe kutoka sehemu kavu ya juu mbali na maji, mazito, yasiyo na nyufa wala matabaka, na matatu yanatosha maana mafiga matatu hayayumbi hata ardhi ikiwa haiko sawa. Ukimaliza na yakishapoa yarudishe ulikoyatoa, upande mweusi utazame chini.

Moshi unanifuata mimi tu

*Kaka hivi kwa nini kila nikikaa moshi unakuja kwangu? Nikihama unahama. – Macho Mekundu*

Moto unavuta hewa kutoka pande zote, ukikaa karibu mwili wako unazuia hewa upande wako, basi moshi unaegemea huko huko ambako hewa haiji. Rudi nyuma hatua moja mbili, kaa ubavuni mwa upepo usikae mbele yake, na tumia vijiti vikavu. Moto mdogo uliokolea hauna moshi wa kumsumbua mtu.

Udongo unatosha kuzima?

*Habari za kazi kaka. Mimi ni mama wa watoto wawili, wa miaka tisa na sita, tumeanza kutoka nao msituni na wanapenda sana ile sehemu ya moto. Mume wangu akimaliza anafukia kwa udongo anakanyaga kanyaga anasema tayari. Mimi moyo hautulii, safari iliyopita nilirudi nyuma kuangalia. Je nina wasiwasi wa bure? Na watoto niwaweke mbali kiasi gani? – Mama wa Wawili*

Nzuri dada, asante kwa hii barua, ningekuwa na nafasi ya kujibu moja tu ningejibu hii. Wasiwasi wako sio wa bure hata kidogo, na shemeji naomba asome hapa bila kukasirika maana wengi wetu tumefundishwa hivyo hivyo.

Udongo hauzimi kaa, unalifunika. Kaa lililofunikwa linakosa hewa nyingi lakini halikosi yote, linabaki linafukuta huko chini masaa na masaa, joto lake haliendi popote. Na ardhi ya msitu sio udongo mtupu, juu yake kuna majani yaliyooza, mboji, mizizi mikavu, vyote hivyo ni kuni. Moto unaweza kuingia kwenye mzizi ukatembea taratibu chini kwa chini siku kadhaa, hata wiki, ukatokea mahali pengine kabisa siku yenye upepo wakati nyinyi mko nyumbani mnaendelea na shughuli zenu. Pia fikiria mtoto wa watu anayekuja kesho akakanyaga pale na viatu vya wazi, anaona udongo tu.

Kwa hiyo ni maji. Acha kwanza vijiti viungue mpaka viwe majivu, hiyo ndo raha ya vijiti vyembamba, vinaisha vyote, gogo linakuachia vipande vyeusi nusu nusu. Halafu mwaga maji polepole, yasikie yakilia "shhh", koroga kwa kijiti mpaka chini kabisa ukiyageuza majivu na udongo pamoja, mwaga tena, koroga tena. Endelea mpaka iwe kama uji wa kijivu na hakuna sauti yoyote. Sasa leta mgongo wa mkono juu yake, karibu bila kugusa, zungusha taratibu. Ukihisi hata vuguvugu, bado, ongeza maji. Ikiwa baridi ndo uguse kwa vidole, ingiza ndani ya ule uji na pembeni kwenye udongo uliozunguka. Baridi kote? Ondokeni. Hapo utashusha moyo wako dada na hutahitaji kurudi kuangalia.

Maana yake maji ya kuzimia lazima yawepo kabla moto haujawashwa. Mimi nabeba lita tatu ambazo hazinywewi wala hazichemshwi, na kama kuna kijito karibu najaza chombo nakiweka pembeni kabla sijagusa kibiriti. Kama maji hayo hayapo siku hiyo siwashi.

Mahali nako ni nusu ya kazi. Pakiwa na sehemu iliyokwisha kutumika kwa moto, tumia hiyo hiyo, usifungue nyingine. Kama hamna na sheria ya eneo inaruhusu, tafuta changarawe au mchanga, au ondoa majani na mboji mpaka uone udongo wenyewe, eneo la hatua kama tatu, mbali na mizizi, na tazama juu pia kusiwe na matawi yaliyoinama.

Watoto mimi sio wa kuwafukuza kabisa. Chora duara kwa kijiti ardhini, hatua mbili kutoka motoni, ndani ya duara anaingia mtu mzima tu na hakuna kukimbia wala kurushiana vitu karibu yake. Wape kazi ya kuokota vijiti na kuvijaribu kama vinalia "ka!", huyo wa miaka tisa anaweza kukoroga majivu wakati wewe unamwaga maji, kijiti kiwe kirefu. Sufuria ya maji ya moto ndo uiogope zaidi hata kuliko miali, isiwe mahali mtoto anaweza kuikwaa.

Themosi ipo, moto wa nini?

*Kijana, nasoma safu yako. Mimi natembea misituni toka ujana wangu na nabeba chai yangu kwenye themosi, sijawahi kuunguza hata jani. Huoni kuwa unawahamasisha watu wasiojua kwenda kuwasha moto? – Mzee wa Fimbo*

Shikamoo mzee wangu. Hoja yako ni nzito.

Siku za ukame, siku za upepo unaotikisa matawi, mahali palipopigwa marufuku moto, mahali penye nyasi ndefu kavu, jibu ni themosi yako, hakuna mjadala hapo. Na nawaambia wasomaji wasidhani jiko dogo la gesi linawaokoa siku hizo. Mwaka 2005 kwenye hifadhi ya Torres del Paine huko Chile mtalii mmoja alipiga kambi pasiporuhusiwa, jiko lake la gesi likaanguka kwenye nyasi na upepo wa kule ni mkali, ziliungua zaidi ya hekta 15,000. Jiko moja mzee! Kwa hiyo kabla ya kutoka mtu awaulize wasimamizi wa eneo lenyewe, siku hiyo hiyo, sio ya mwezi uliopita.

Ila siku zinazoruhusu, mzee, naamini mtu aliyejifunza kuwasha moto wa sahani moja na kuuzima mpaka ukawa baridi mkononi anakuwa mlinzi wa msitu kuliko asiyewahi kuugusa. Anajua kijiti kikavu kinalia vipi, anajua upepo umegeuka, anajua ardhi aliyokalia ina nini ndani. Na kuna kile kitambo, maji hayajachemka, watu wote mnatazama mahali pamoja na hakuna anayetoa simu. Mimi marafiki zangu wawili niliowapenda sana tumeongea mambo yetu ya ndani kabisa kwenye vitambo hivyo, na sidhani tungeyaongea kwingine. Kwa hiyo sitaacha kufundisha, ila kila ninapofundisha kuwasha nitafundisha kuzima kwa maneno mengi zaidi, hiyo nakuahidi.

Masizi

*Sufuria yangu imekuwa nyeusi tii na imechafua begi lote. Kuna dawa? – Mwenye Begi Jipya*

Kabla hujaiweka motoni ipake nje sabuni ya kipande iliyoloweshwa kidogo, chini na ubavuni, safu nyembamba, ndani usiguse. Masizi yatakaa juu ya sabuni badala ya kushika chuma, ukifika nyumbani unasuuza yanatoka yote. Njiani ifunge kwenye kitambaa kizee au mfuko wake peke yake. Na sabuni usiioshee kijitoni, subiri ufike nyumbani.